Likizo ya Unguja Hupangwa kwa Mwandamo wa Mwezi

Ukitaja likizo ya Unguja katika familia nyingi za Matombo, kwenye milima ya Uluguru, jibu la kwanza ni kwamba kule ni kwa Wazungu na maharusi. Watu wameona bei kwenye simu: chumba cha usiku mmoja Nungwi kinauzwa kwa bei ya mbuzi mzima, na chakula cha jioni hujakitaja bado. Bei hizo ni za kweli, ila ni za safari ya mtu mwingine. Zimepangwa kwa mgeni aliyetoka mbali, mwenye siku chache, asiyejua Kiswahili, asiyepanda daladala na anayetaka kila kitu kimfuate alipo. Baba, mama, bibi na watoto watatu kutoka Matombo hawana haja hata moja kati ya hizo. Kazi yangu ni kuzipangia familia safari za ndani ya nchi, na ninachokiona ni kwamba gharama hupanda pale familia inapoazima ratiba ya mgeni huyo na kuifuata kipengele kwa kipengele.

Chukua matembezi ya mashamba ya viungo, ambayo yamo karibu katika kila orodha ya mambo ya kufanya Unguja. Mgeni hupelekwa Kizimbani au Kindichi, akaoneshwa mti wa karafuu, akabanduliwa gome la mdalasini anuse, akapandiwa mnazi huku anapiga picha. Ni matembezi mazuri kwa mtu wa Ulaya. Mtoto wa Matombo amezaliwa kati ya mikarafuu na midalasini, na mnazi anaupanda mwenyewe. Kumlipia nauli, kiingilio na kiongozi ili akaangalie shamba la babu yake ni kutupa fedha. Fedha hiyo iende kwenye kitu ambacho milima ya Uluguru haina, yaani bahari.

Kitu kingine kinachostahili fedha yenu ni historia, kwa sababu historia ya Unguja na ya Matombo ni njia moja. Misheni ya Matombo ilifunguliwa mwaka 1897 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kazi ya umisheni iliyowafikisha huku ilianzia Unguja mwaka 1860, ikavuka bahari hadi Bagamoyo mwaka 1868, ikapanda Mhonda mwaka 1877 na kufika Morogoro mwaka 1882. Bagamoyo ilianza kwa kulea watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na wengi wao walitoka katika soko la watumwa la Unguja. Soko hilo lilikuwa Mkunazini. Lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sultani Barghash, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa kuu papo hapo. Mtembeze mtoto kutoka Mkunazini hadi Kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye minara miwili, ndani ya Mji Mkongwe uleule, kisha mwambie kwamba kanisa la kijijini kwao limetokana na njia hii. Mlango wa Mkunazini una kiingilio, lakini kutembea vichochoroni ni bure, na bibi akichoka kila baraza ni kiti.

Tuje kwenye bahari yenyewe, maana hapa ndipo familia nyingi za bara hupata hasara bila kujua sababu. Wanafika Paje au Jambiani saa nne asubuhi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Imekwenda mbali, karibu na mwamba, imeacha uwanda wa mchanga, mwani na vidimbwi. Wanasubiri juani hadi mchana, wanakula hotelini kwa bei ya hotelini, na maji yanapofika saa ya daladala ya kurudi mjini inakuwa imekaribia. Bahari haikuwadanganya, wao ndio waliopanga bila kuangalia mwezi.

Kanuni yake si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mzunguko wa siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo kunapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 7 au 8 na tarehe 21 au 22 za mwezi wa Kiislamu, yanakuja maji mafu. Tofauti hushuka hadi kama mita moja tu, na kujaa huangukia mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwa jirani inatosha kukwambia bahari itakuwaje wiki utakayokwenda. Hesabu hii ni ya kukadiria, na ukifika waulize wavuvi, ila kwa kuchagua tarehe inatosha kabisa.

Kwa familia yenye watoto wadogo wasiojua bahari, mimi huchagua maji mafu. Maji yapo asubuhi kabla jua halijawa kali, hayapandi kwa kasi, na hayamwachi mtoto mbali na ufuko. Mtoto aliyezoea kuoga mtoni anajua maji yanayokwenda upande mmoja. Maji yanayoondoka na kurudi hayajui, na ni hatari kwake kuzubaa katikati ya uwanda wa mchanga wakati bahari inarejea nyuma yake. Lakini watoto wakiwa wakubwa kidogo, wa darasa la tano kwenda juu, bamvua nayo ina thamani yake. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, Paje na Jambiani unawakuta akina mama kwenye mashamba ya mwani, kilimo cha biashara kilichoanza huko mwaka 1989. Vigingi vimechomekwa mchangani kwa mistari, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na vishada vya mwani vinaning'inia kama maboga machanga kwenye shina lake. Mtoto wa mkulima huelewa mara moja anachokiona. Salimieni kwanza, ombeni ruhusa, na msikanyage kamba. Kila mmoja avae yeboyebo, kwa sababu kwenye vidimbwi kuna viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu inayovunjikia mguuni.

Kama mnataka kuogelea tu bila kuhesabu saa, nendeni kaskazini, Nungwi na Kendwa, ambako ufuko umeinama na maji hayaendi mbali. Daladala ya Nungwi ni namba 116 na ya Jambiani ni 309, nanyi mtakaa na Waunguja wanaorudi makwao na ndoo na mikate yao.

Tarehe hubanwa pia na shule, mvua na mavuno. Likizo ndefu za shule ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Desemba ni ghali: wageni wa nje wanajaza vyumba kwa Krismasi na mwaka mpya, na milimani mvua za vuli huenda bado zinachafua barabara. Juni ninaipenda zaidi. Masika yameisha, hewa ya Unguja imepoa, na nyumbani mahindi yanaelekea kuvunwa. Ubaya wa Juni ni upepo wa kusi, ambao huchafua bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja. Kwa kuwa Unguja iko kaskazini mwa Dar, wakati wa kwenda mawimbi yanakusukuma kwa nyuma, na wakati wa kurudi mnapambana nayo uso kwa uso. Mwenye tumbo jepesi asishibe kabla ya kupanda boti, akae nyuma au katikati, sakafu ya chini, na atafune tangawizi. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ukiangukia safari yenu, mjue kwamba mchana migahawa ya kawaida imefungwa na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji adabu.

Njia sasa imekuwa nyepesi kuliko zamani. Toka Matombo kwa Mkuyuni hadi Morogoro mjini kwa usafiri mliouzoea, kisha chagueni kati ya basi na treni. Basi la Msamvu linaweza kuonekana rahisi kwa tiketi, ila linawashusha kituo cha Magufuli, Mbezi, mbali na bandari, na mtapanda tena magari mengine ya mjini na mizigo na watoto usingizini. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, inawashusha katikati ya jiji, karibu na bandari ya boti za Unguja. Huduma ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na chini ya miaka 4 bure. Familia niliyoitaja mwanzoni, watu wazima watatu, watoto wa miaka 11 na 8 na mdogo wa miaka 3, kwa nauli hiyo inalipa 52,000 kwenda na 104,000 kwenda na kurudi. Tiketi zikatwe mapema, hasa wiki ya kufunga shule.

Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Raia hulipa kwa shilingi, nauli ya chini kuliko ya mgeni wa nje, lakini lazima aoneshe kitambulisho. Kila mtu mzima abebe cha NIDA, na watoto vyeti vyao vya kuzaliwa. Tiketi nunueni dirishani kwenye ofisi ya boti. Getini kuna watu watakaowakimbilia wakisema dirisha limefungwa au boti imejaa. Piteni moja kwa moja.

Malazi ndiyo mfuko unaotoboka zaidi, nami nina msimamo mmoja: laleni mjini. Gesti za mitaa ya Mlandege, Malindi na Ng'ambo hazina bwawa la kuogelea, ila zina feni, chandarua na mara nyingi chai ya asubuhi, na kutoka hapo kila upande wa kisiwa una daladala. Piga simu kabla, jitambulishe kwamba ni familia ya Kitanzania yenye watoto, na uliza bei ya chumba cha familia kwa shilingi. Kama kuna ndugu Unguja, msimfikie mikono mitupu. Mchele, ndizi mbivu na mdalasini wa nyumbani vitapokelewa kwa furaha kuliko bahasha. Karafuu peke yake msibebe. Visiwani biashara yake iko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, na anayezisafirisha kiholela anahesabiwa mfanya magendo. Kuanza likizo kwa kueleza bandarini kwamba mzigo umetoka Matombo hakumfai mtu.

Chakula kisiwaogopeshe. Pembeni ya soko la Darajani kuna wali wa nazi na samaki, chapati na maharage, na urojo wa bakuli unaoshibisha mtu mzima. Forodhani muende jioni kwa ajili ya kukaa, watoto waone vijana wakijitosa baharini kutoka ukutani. Mkila, ulizeni bei kabla mkono haujagusa mshikaki. Boti ya kwenda Changuu kuangalia kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hukodishwa boti nzima. Tafuteni familia nyingine gestini mgawane.

Fedha ya safari isitafutwe mwezi wa safari. Nimeona mipango mingi ikifa kwa sababu ilitegemea mkungu wa mwisho wa ndizi. Familia zinazofanikiwa huanza baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia: fungu la karafuu au mdalasini linatengwa na kuingia VICOBA kwa jina la safari, na watoto wanaambiwa wazi, ili nao waache kudai vitu vingine. Nauli ndiyo ilipwe kwanza, malazi ya pili, na cha kutumia kisiwani kigawanywe kwa siku kabla hamjaondoka, kila siku na bahasha yake, mama akizishika.

Kama hesabu imegoma mwaka huu, kuna kisiwa kilicho karibu zaidi. Mbudya na Bongoyo, mbele ya Dar es Salaam, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Mnavuka asubuhi kwa boti ndogo kutoka Kunduchi au Masaki na kurudi jioni, bila kulipia kitanda upande wa pili. Maji ni safi na mchanga ni mweupe. Bebeni maji ya kunywa na chakula kutoka bara, na kanuni ya mwezi ni ileile.

Siku ya kurudi msiunganishe boti ya mwisho na treni ya mwisho. Kusi likivuma boti huchelewa, na tiketi ya treni haisubiri. Ondokeni Unguja na boti ya saa za asubuhi, mle mchana Kariakoo, ndipo mwende stesheni. Na tangu Dar mpigieni simu dereva wa gari la Matombo awahifadhie viti, kwa sababu jioni ya siku ya gulio hujaa kabla halijafika Bigwa.