Kitenzi cha Ushindi katika Habari za Michezo

Mwandishi chipukizi wa gazeti kama Taifa Leo, litokalo Nairobi tangu mwaka 1960, atumwapo Ruiru au Thika kutazama kandanda, tatizo lake la kwanza ni la sarufi. Je, aandike "Bidco United imeshinda" au "wameshinda"? Timu ikichukuliwa kuwa chama, hufuata upatanisho wa ngeli ya I-ZI. Wakikusudiwa wachezaji, hufuatwa ule wa A-WA. Kuchanganya yote mawili katika sentensi moja ni kosa la kawaida, ingawa kwa maoni yetu si zito.

Lililo zito ni uteuzi wa kitenzi. "Kulaza" hakudai idadi ya mabao. Ndiyo maana "yailaza" hufaa kichwa cha habari hata kwa ushindi wa 1-0. "Kunyuka" na "kucharaza" hudokeza tofauti kubwa. Chipukizi huvipenda vitenzi hivi vya kipigo kwa kuwa vimejaa katika kurasa alizozisoma tangu utotoni. Lakini mtu wa Thika aliyekuwapo uwanjani, akaiona timu yake ikishindwa kwa penalti moja ya dakika za mwisho, akisoma kesho yake kwamba "ilinyukwa", hatayasadiki hata yale yaliyo sahihi: jina la mfungaji na dakika ya bao.