Mboga zaozea kwenye friji, damu yapungua mwilini

Siku moja mama mjamzito anayeishi hapa Milimani, Kisumu, aliketi mbele yangu akilalamika kwamba akipanda ngazi moyo humwenda mbio na kichwa humzunguka. Nilimfunua kope nikaona nyama ya ndani imepauka. Kipimo kilithibitisha kwamba damu yake ilikuwa pungufu.

Nilipomwuliza anakula nini alishangaa. "Daktari, mimi mboga hainipiti. Kila Jumapili natoka Kibuye na kikapu tele."

"Na kikapu hicho huisha lini?"

Alifikiri kidogo, kisha akacheka kwa haya. Ikifika Jumatano nusu huwa imegeuka ute, na hutupwa.

Usimcheke, ndugu msomaji. Mimi mwenyewe, pamoja na udaktari wangu, nimewahi kufungua friji nikakuta shada zima la saga limekuwa jeusi, limesahaulika nyuma ya chupa za soda.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hizo ni sehemu tano, kila sehemu ikiwa karibu nusu kikombe cha mboga iliyopikwa. Kijiko kimoja cha sukuma wiki kando ya mlima wa ugali hakifiki hapo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 katika kila 100 nchini Kenya hawatimizi kiwango hicho. Ilhali Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilikadiria katika ripoti ya 2021 kwamba nyumba za Kenya hutupa karibu kilo 99 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka, maganda na mifupa ikiwemo.

Jani lililochumwa lingali hai. Hupumua na kupoteza maji, na joto letu la ziwani huliharakisha. Likioshwa na kufungiwa likiwa na majimaji, vijidudu hupata makao mema. Kwa hiyo nunua mboga za majani za siku mbili tu, kisha umwendee mama mboga wa karibu. Zichambue jioni ile ile, toa majani yaliyoanza kuoza, usizioshe, zikunje kwa kitambaa safi kikavu ndipo uziweke kwenye friji. (Magazeti ni ya kusoma, wino wake haufai kufungia chakula.) Asiye na friji asimamishe mashina katika maji kidogo, kivulini. Osha wakati wa kupika, na uoshe kabla ya kukata.

Hasara ya pili hutokea kwenye sufuria, na hii hatuioni kwa macho. Wengi huchemsha mnavu, ule ambao Wajaluo huuita osuga, kisha humwaga maji ili kupunguza uchungu. Vitamini C na foleti huyeyuka katika maji, na foleti ndiyo anayoihitaji sana mjamzito. Wazee wetu walikuwa na njia bora: mboga chungu huchanganywa na ile isiyo chungu, kama vile mnavu na mchicha, au saga na kunde, kisha hutiwa maziwa. Magadi yanayolainisha mrenda nayo huharibu vitamini, na yana sodiamu, isiyomfaa mwenye shinikizo la damu. Tia kidogo sana, au uyaache.

Nafurahi kwamba mboga hizi hazidharauliwi tena kuwa chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyezifanyia utafiti kwa miaka mingi, alitunukiwa tuzo ya kisayansi ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika mwaka 2010. Hata hivyo, heshima hiyo haisaidii ikiwa zinaozea jikoni.

Vipi kuhusu kiporo? Mboga iliyobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili. Ifunike, iweke kwenye friji, na kesho uchemshe kiasi utakachokula tu. Kuichemshachemsha sufuria nzima siku tatu mfululizo humaliza vitamini C, ingawa madini na nyuzinyuzi husalia.

Yule mama sikumtibu kwa mboga pekee. Nilimpima malaria na minyoo, ambayo pia hupunguza damu huku kwetu, nikampa vidonge vya madini ya chuma na foleti. Nilimwomba asinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Angoje saa moja au mbili. Badala ya chai, ale chungwa au akamulie ndimu juu ya mboga.

Aliporudi kliniki damu yake ilikuwa imepanda, ijapokuwa haijafika nilipotaka. Sasa hununua mashada mawili kwa wakati mmoja. Malalamiko yake mapya ni kwamba mumewe humaliza mnavu kabla yake, nami nikamwambia ajipakulie kwanza.

Ikiwa una ugonjwa wa figo, au unameza dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini, usiongeze mboga za majani ghafla kwa sababu umesoma ukurasa huu. Muulize kwanza daktari wako.