Chanzo Kinachotii Kupita Kiasi

Mhandisi anayetaka kujua kama saketi yake itafanya kazi haanzi tena na kulehemu. Huichora kwanza kwenye kompyuta, programu ikakokotoa volteji na mikondo. Programu nyingi za kazi hiyo, LTspice na Ngspice zikiwamo, zimetokana na SPICE, iliyoandikwa na Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Donald Pederson, na kutangazwa mwaka 1973.

Ndani yake mna kifaa kisichouzwa duka lolote: chanzo tegemezi cha volteji. Humo, betri ya volti 9 hutoa volti 9 bila kujali yanayotokea kwingineko. Chanzo tegemezi hutazama sehemu nyingine ya saketi, kikazidisha kinachokiona kwa namba kiliyopewa, kisha kikatoa jibu hilo kama volteji. Kinachotazama volteji jina lake huanza na herufi E. Kinachotazama mkondo huanza na H.

Mstari mmoja watosha kuigiza amplifaya: E1 4 0 2 3 100000. Namba mbili za kwanza ni nodi ambako volteji inatokea, na 0 ndiyo ardhi. Mbili zinazofuata ni nodi zinazotazamwa, chanya ikitangulia. Ya mwisho ni kiwango cha ukuzaji. Ukiunganisha rezista ya kilo-omu 9 kutoka nodi 4 hadi 3, nyingine ya kilo-omu 1 kutoka 3 hadi ardhini, na kuingiza volti 0.5 kwenye nodi 2, utapata volti 4.9995. Ni mara kumi, kasoro chembe.

Sasa geuza 2 na 3. Mrejesho uliokuwa ukiituliza amplifaya unageuka kuwa wa kuichochea, na chipu halisi ingekimbilia ukomo wa umeme wake na kuganda huko. Programu je? Inajibu volti 5.0005. Haipigi kelele wala haionyi, kwa kuwa imeombwa kutatua mlinganyo na mlinganyo una jibu. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, maana jibu la saketi mbovu linafanana mno na la saketi nzima.

Utii huo una sura nyingine. Ingiza volti 3 na E1 itatoa karibu volti 30, hata kama aliyeichora ana betri ya volti 12 akilini. Betri hiyo haimo popote katika mstari ule. Kasi nayo haiijui: hukuza vilevile kwenye masafa ya kilohezi 1 na ya megahezi 1, ilhali chipu ya zamani kama LM741, ikipangwa kukuza mara kumi, huanza kuchoka kwenye kilohezi mia moja hivi. Katika LTspice, kikomo cha volteji huwekwa kwa chanzo cha herufi B, kinachopokea fomula: V=limit(100000*(V(2)-V(3)),-12,12).

Chanzo cha H kina sharti la ajabu kidogo. Hakitazami waya wowote tu, bali mkondo unaopita kwenye chanzo cha volteji kilichotajwa kwa jina. Ndiyo maana mafundi huingiza chanzo cha volti 0 katika njia ya mkondo, kiwe ammita isiyobadilisha kitu. Kihisi cha mkondo ACS712 cha ampea 5 kinaigizwa hivyo: hutoa volti 0.185 kwa kila ampea, juu ya volti 2.5 za kuanzia. Ampea 2 zitasomeka volti 2.87. Zikisomeka 2.13, ammita imewekwa kinyume, kwani mkondo huhesabiwa chanya unapoingia upande wake wa chanya.

Ngspice ni ya bure, na saketi yote ya mfano wa amplifaya ni mistari minne, ikifuatwa na .op na .end. Anayeijaribu aache mstari wa kwanza wa faili uwe kichwa cha habari: SPICE huuchukua kuwa jina la saketi, na kifaa chochote kilichoandikwa hapo hakihesabiwi.