Cherehani ya kwanza: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

MAMA anayeishi Kanyosha, kusini mwa Jiji la Bujumbura, anaweza kuweka akiba kwenye kikundi kwa miezi mingi ili anunue cherehani. Siku ya kununua ikifika, uamuzi huchukua dakika chache tu: hii inang'aa, ile imechakaa. Hapo ndipo jasho la miezi yote linapoweza kupotea kwa siku moja.

Kabla hujatoa fedha, jiulize maswali mawili: utaiendesha kwa nguvu gani, na utashona nini?

Tuanze na nguvu. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kuwa mwaka 2022 ni takriban mtu mmoja tu kati ya kumi nchini Burundi aliyekuwa na umeme. Mjini Bujumbura kuna nafuu, lakini hata mwenye mita ya Regideso anajua maana ya umeme kukatika. Mteja aliyeahidiwa nguo ya harusi kwa siku ya Jumamosi hataki kusikia habari za mgawo.

Kwa sababu hiyo, cherehani ya kukanyaga kwa miguu bado ni chaguo la busara kwa anayeanza. Nyingi zinaweza kufungwa mota ndogo ubavuni. Umeme ukiwapo utatumia mota, ukikatika utarudisha mkanda na kukanyaga.

Majina mawili yanajulikana sana Afrika Mashariki: Singer, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1851, na Butterfly ya China. Cherehani nyingi za Butterfly zinafuata muundo wa Singer namba 15, hivyo bobini na sindano zake si vigumu kupatikana.

Vipuri si jambo dogo. Soko Kuu la Bujumbura liliteketea Januari 27, 2013, na wafanyabiashara wakatawanyika kwenye masoko mengine, likiwamo la Ruvumera lililoko Buyenzi. Kutoka Kanyosha kwenda huko ni kuvuka mji, na uhaba wa mafuta uliolikumba taifa katika miaka ya 2020 umeonyesha jinsi safari fupi inavyoweza kuwa ghali. Basi kabla ya kununua, muulize fundi wa mtaani kwako ni cherehani gani anaiweza kuitengeneza. Hiyo ndiyo itakayokufaa.

Ukishawishika na ya umeme iliyotumika, soma kibandiko chake. Umeme wa Burundi ni volti 220. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huwa ya volti 120, na ya Japani volti 100. Ukiichomeka hivi hivi, mota itaungua.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwa magauni ya vitenge, sare za shule, mapazia na foronya, mshono ulionyooka unatosha kabisa. Usilipie mapambo 20 ambayo hutayatumia. Lakini ukitaka kushona fulana na vitambaa vinavyovutika, tafuta yenye zigizaga, kwani mshono ulionyooka hukatika nguo inapovutwa. Kitambaa laini cha imvutano kinataka sindano nyembamba, namba 11. Kitenge, namba 14. Jinzi, namba 16.

Wapo pia wanaotaka kushona mifarishi kwa vipande vya vitenge vilivyobaki. Hapa cherehani inashona tabaka tatu: vipande vya juu, blanketi la kati na kitambaa cha chini. Angalia kiguu kinachokandamiza nguo kinanyanyuka kiasi gani, na kama kuna nafasi ya kutosha kuliani mwa sindano kupitisha mfarishi uliokunjwa. Anza kushona katikati ukielekea pembeni, la sivyo utajikunja.

Mwisho ni jaribio, na hili lifanyike kabla ya kulipa. Nenda dukani na vipande vyako mwenyewe: kitenge, jinzi iliyokunjwa mara mbili, na kitu laini. Zungusha gurudumu kwa mkono. Liwe jepesi, lisikwame. Shika nondo ya sindano uone kama inacheza. Kisha shona wewe, si muuzaji. Geuza kitambaa: uzi ukijikunjakunja upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu haukupitishwa vizuri au umelegea. Rekebisha, ujaribu tena. Ikikataa mara ya tatu, iache.

Ukishaifikisha nyumbani, ipe matone machache ya mafuta ya cherehani, si ya kupikia wala ya injini, na uifunike isiingie vumbi. Cherehani kuukuu inayotunzwa itasomesha watoto. Mpya iliyochaguliwa kwa macho tu inaweza kuishia kuwa meza ya kuwekea redio.