Steve Tikolo: Mpigaji aliyeifikisha Kenya nusu fainali ya dunia

UKIULIZA habari za michezo mjini Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, utaelezwa habari za soka, na hasa za Mwadui FC, timu ya mji wa mgodi wa almasi. Kriketi haina wafuasi wengi huko. Hata hivyo, Afrika Mashariki imewahi kutoa mpigaji aliyeheshimiwa duniani kote.

Huyo ni Steve Tikolo wa Kenya, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1971.

Katika kriketi, mpigaji hushika gongo na kuvilinda vijiti vitatu, yaani wiketi, dhidi ya mrusha mpira. Akibadilishana upande na mwenzake hupata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka hupata minne, au sita usipogusa ardhi. Kufikisha mikimbio 100 ni heshima kubwa.

Tikolo alianza mechi za kimataifa za siku moja katika Kombe la Dunia la 1996, kwa mikimbio 65 dhidi ya India. Wiki chache baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka ilijikusanyia 398, rekodi ya dunia wakati ule. Tikolo alijibu kwa 96, akakosa minne tu kutimiza mia.

Mwaka 1997, katika fainali ya Kombe la ICC mjini Kuala Lumpur, alipata 147 kati ya mikimbio 241 ya Kenya. Mvua ilivuruga mchezo, hesabu ikabadilishwa, na Bangladesh ikashinda kwa mpira wa mwisho.

Miaka mitatu baadaye Bangladesh ilipewa hadhi ya kucheza mechi za siku tano, daraja la juu kabisa la mchezo huo. Kenya haikuipata kamwe.

Kilele kilikuwa mwaka 2003. Tikolo akiwa nahodha, Kenya iliifunga Sri Lanka jijini Nairobi kwa tofauti ya mikimbio 53, ikazishinda Canada, Bangladesh na Zimbabwe, na kupewa pointi za New Zealand iliyokataa kwenda Nairobi kwa sababu za usalama. Iliishia nusu fainali mjini Durban, ilikofungwa na India. Siku hiyo Tikolo alipata 56.

Kilichofuata kilikuwa cha kusikitisha. Uongozi wa mchezo huo uligubikwa na migogoro, wachezaji wakagoma wakidai malipo, na mwaka 2004 nyota Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wacheza kamari. Mechi dhidi ya mataifa makubwa zilipungua, na kipaji kisichopimwa mara kwa mara hudumaa.

Tikolo alistaafu mwaka 2011 baada ya Kombe lake la tano la Dunia, akiwa na mikimbio zaidi ya 3,400 na mia tatu tu katika mechi zaidi ya 130. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya mechi za siku moja.

Baadaye aligeukia ukocha, akizifundisha pia timu za taifa za Uganda na Tanzania. Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, Kenya haikuwapo.

Somo ni wazi kwa soka la Shinyanga kama kwa kriketi ya Nairobi: nyota mmoja aweza kuifikisha timu mbali, lakini ni uongozi unaoibakisha huko.