Nguvu ya DT Hupotelea Kwenye Klachi

Kwa miaka mingi bwana shamba, padri na mfanyakazi wa mradi wa maji walivifikia vijiji vya Afrika Mashariki kwa Yamaha DT. Baadhi ya pikipiki hizo za mipigo miwili bado zinatembea, moshi wa bluu ukizifuata, na malalamiko ya wenyewe yanafanana: haipandi tena mlima. Fundi mwenye haraka hukimbilia kabureta, au humshauri mteja anunue ekzosi ya mashindano. Mara nyingi injini haina kosa.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Pikipiki ipande mlima kwa gia ya juu, kisha mafuta yafunguliwe kwa nguvu. Injini ikilia huku mwendo ukibaki ule ule, klachi inateleza. Ikiwa mkono wa klachi umebanwa na pikipiki bado inajivuta mbele, au nyutro inakataa kuingia, basi klachi haiachii. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, ingawa mara nyingi yote mawili hutibiwa kwa kukaza au kulegeza waya wa klachi tu, kwa sababu waya ndio ulio karibu na mkono.

Marekebisho sahihi huanzia ndani. Yamaha nyingi za zamani zina skrubu yenye nati kwenye mfumo unaosukuma pleti. Waya hulegezwa kabisa kwanza. Skrubu huzungushwa taratibu mpaka iguse, hurudishwa kama robo ya mzunguko, kisha nati hukazwa. Hapo ndipo waya unaporejeshwa, ukiachiwa ulegevu wa milimita 2 hadi 3 pale mkono wa klachi unapokutana na kishikio chake. Pasipo ulegevu huo pleti hazibanwi sawasawa hata mkono ukiwa umeachiwa, na huungua polepole bila mwenyewe kujua.

Ikiendelea kuteleza, ni kufungua. Springi hupimwa urefu na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Pleti za chuma hulazwa juu ya kioo: iliyopinda huonyesha mwanga chini yake, na iliyoungua huwa na madoa ya bluu. Pleti mpya za msuguano hulowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa. Oili yenyewe ichaguliwe kwa makini, kwani baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio kazi ya klachi. Kopo lenye alama ya JASO MA linafaa.

Kwenye DT175, oili ya gia boksi ikipungua bila kuvuja chini huku moshi ukizidi, sili ya krenki upande wa klachi imechoka na injini inainywa oili hiyo. Kabureta haitaponya hilo.

Klachi ikishakamata, ndipo nguvu izungumzwe. Masizi kwenye ekzosi na kwenye tundu la kutolea moshi huiziba injini ya mipigo miwili kuliko wengi wanavyodhani. Walter Kaaden, mhandisi wa MZ huko Ujerumani Mashariki, alionyesha miaka ya 1950 jinsi mawimbi ya ekzosi yenye umbo sahihi yanavyorudisha ndani ya silinda mchanganyiko uliotaka kutoroka. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu-farasi zipatazo 25. Lakini nguvu hiyo ilikaa juu kabisa kwenye mizunguko, na hapo ndipo ekzosi ya mashindano inapomkosesha raha mpanda matope: chini hakuna kitu. Kupandisha matundu ya silinda kwa tupa huleta tabia hiyo hiyo, na chuma kilicholiwa na tupa hakirudi.

Kwa mzigo na milima, kubadili sproketi ni nafuu zaidi. Pikipiki yenye meno 15 mbele na 45 nyuma ina uwiano wa 3.0; jino moja likipungua mbele, uwiano hupanda hadi 3.21. Kasi ya juu hushuka kidogo, mvuto huongezeka.

Jeti za kabureta nazo hufuata mwinuko. Hewa ya Arusha, mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi na huhitaji petroli kidogo. Mwenye pikipiki iliyowekewa jeti ndogo huko asishuke nayo Tanga kabla ya kurudishia ile kubwa: petroli ikipungua kwenye mchanganyiko, joto hupanda na pistoni inaweza kutoboka njiani.