Je, Wajua? Heri Isiyopimwa kwa Mali

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wawili walioleta Umethodisti kwa Watetela wa Kongo alikuwa mwalimu wa Kigiriki aliyezaliwa na watumwa? John Wesley Gilbert alizaliwa jimbo la Georgia, Marekani, karibu na mwaka 1863, wakati Mwafrika kusini mwa nchi ile bado alikuwa mali ya mtu. Alikua akifanya kazi shambani, akisoma kwa vipindi kadiri mazao yalivyoruhusu. Hata hivyo alifika Chuo Kikuu cha Brown, kisha Athens, na mwaka 1891 alikuwa miongoni mwa wachimbuaji wa mji wa kale wa Eretria. Akarudi nyumbani kufundisha Kigiriki katika chuo cha Paine.

Mwishoni mwa 1911 Gilbert alitoka Luebo pamoja na Askofu Walter Lambuth, Mzungu kwa Mweusi, safari moja, kwa miguu, na wapagazi wao, hadi kwa chifu Wembo Nyama. Misheni ilifunguliwa pale mwaka 1914, ila Gilbert hakurudi tena Kongo, akafariki mwaka 1923. Kutoka Wembo Nyama kazi ilienea upande wa Maniema, na katika miaka ya 1920 kikapatikana kituo cha Tunda, katika eneo la Kibombo. Kituo kile kina hospitali, na jina la Tunda limekuwa jina la zone nzima ya afya, mojawapo ya 18 za jimbo la Maniema. Mimi humfikiria Gilbert kila ninaposikia mhubiri akisema kwamba shida ni dalili ya laana. Angemwambia nini mtoto yule wa shamba la Georgia?

Je, wajua kwamba katika Mathayo 5 Yesu anatamka heri mara tisa, na hakuna hata moja inayomtaja mwenye mali, mwenye afya au mwenye cheo? Wanaotajwa ni wenye huzuni, wenye njaa ya haki, wanaoudhiwa. Tena angalia nyakati za vitenzi. Ahadi nyingi ni za baadaye, kama vile kufarijiwa na kushibishwa. Lakini ya kwanza na ya nane ni za sasa hivi: ufalme ni wao, leo. Luka naye hana mzunguko. Katika sura ya 6 anawataja maskini waziwazi, bila kuongeza neno la kulainisha, na baada ya heri zake nne zinafuata ole nne kwa matajiri, walioshiba, wanaocheka na wanaosifiwa.

Je, wajua kwamba maandishi ya kale kuliko yote ya maneno ya Biblia yaliyowahi kupatikana ni maneno ya baraka? Mwaka 1979, katika makaburi ya Ketef Hinnom nje ya Yerusalemu, vilichimbuliwa vikunjo viwili vidogo vya fedha. Kuvikunjua bila kuvivunja kulichukua miaka mitatu. Ndani mlikuwa na baraka ya makuhani ya Hesabu 6, ileile ambayo mchungaji huitamka akiwa amenyoosha mikono ibada inapokwisha. Wataalamu wengi huviweka kwenye miaka iliyozunguka kuanguka kwa Yerusalemu mbele ya Wababeli.

Je, wajua kwamba mwaka 1964, mwaka mchungu mno kwa Wakristo wa mashariki mwa Kongo, ndio Wamethodisti walipomchagua askofu wao wa kwanza Mkongomani? Waasi wa Simba walikuwa wameiteka Kindu mwezi Julai. Mwezi Agosti rubani wa misheni, Burleigh Law, aliuawa Wembo Nyama alipotua kuwasaidia wenzake. Kule Isiro, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa baada ya kumwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Katika mwaka huohuo John Wesley Shungu aliwekwa kuwa askofu. Wamisionari wengi walikuwa wamekimbia au walikuwa hatarini, na Kanisa likabaki mikononi mwa wenyeji, walioendelea kufundisha na kuzika.

Leo makao ya askofu wa Wamethodisti wa Kongo Mashariki yako Kindu, tangu 2012, na Tunda bado iko mbali, barabara ikiwa ya matope. Mgonjwa akilazwa katika hospitali za huku, ndugu yake ndiye anayempikia nje, kwenye mafiga: wali wa mpunga wa shamba, sombe yenye mawese. Wasio na ndugu hupikiwa na jirani wa kitanda. Akina mama wa Kipendano, chama cha wanawake wa Kanisa, huleta kuku, mihogo na kuni. Mtu akitaka kuonyeshwa baraka ya Kikristo ilivyo, ningemwonyesha mafiga yale kabla ya gari la mhubiri yeyote. Kumwambia mama aliyelala pale kwamba haponi kwa sababu hakutoa sadaka ya kutosha ni ukatili, hata kama unasemwa kwa kipaza sauti na wimbo mzuri nyuma yake.

Je, wajua pia kwamba mwenyeheri wa karibuni wa Kongo alikuwa mtumishi wa forodhani? Floribert Bwana Chui, wa Goma, alikataa hongo ya kupitisha vyakula vilivyooza. Aliuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma. Anayenunua chakula cha bei ya chini sokoni Goma ni maskini, mtu yuleyule wa heri ya kwanza ya Luka, na ni kwa ajili yake kijana huyu alikataa kupiga muhuri.